Hamu ya Zama na Haki ya Kumbukumbu: Tafakuri juu ya Muziki wa Granji Kutoka Nariokotome

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazohusu wakati uliopita, na methali hizo hazipatani. Ya kwanza yasema kwamba ya kale ni dhahabu. Ya pili yatuambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya kwanza yatutaka tuyahifadhi yaliyopita kama mali. Ya pili yatutaka tuyaache kama jeraha lililokwisha kupona. Aghalabu watu huzitumia zote mbili, kila moja mahali pake, wala hilo si ajabu kwa kuwa methali ni hekima ya mazingira maalumu na si kanuni ya hesabu. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo mtu hujikuta amesimama katikati ya methali hizo asijue aifuate ipi. Makala haya yanahusu wakati mmoja wa aina hiyo.

Swali tunalonuia kulichunguza ni hili: je, mtu ana haki ya kuzitamani zama za ujana wake iwapo zama hizo hizo zilikuwa za maafa kwa jirani yake? Tutalijadili kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji wa jarida la uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, yaani muziki wa roki mbadala wa miaka ya tisini, hasa ule unaojulikana kama granji, pamoja na hamu kubwa ambayo watu wa rika letu wanayo kwa muziki huo hivi sasa. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, granji ni muziki uliojengwa juu ya kuikataa faraja, ilhali leo wanaoutamani huutumia kama faraja. Kinzani hiyo yastahili kuchunguzwa. Pili, swali lenyewe halikumfikia mwandishi darasani. Lilimfikia njiani, akielekea Nariokotome, kaskazini mwa Turkana, mahali ambapo miaka ya tisini ina maana nyingine kabisa.

Dhana ya Hamu ya Zama

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kwa hisia tunayoizungumzia. Tunayo hamu, shauku, kiu na jitimai, lakini kila mojawapo ya maneno hayo lina upungufu. Hamu yaweza kuwa ya chakula, na jitimai ni huzuni nzito ambayo si lazima iwe na kitu kinachotamaniwa. Katika makala haya tutatumia istilahi ya hamu ya zama, tukimaanisha ile hali ya kutamani wakati uliokwisha kupita, utamu na uchungu vikiwa vimechanganyika pamoja.

Neno linalotumiwa katika lugha nyingi za Ulaya kwa hali hii liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu, katika tasnifu aliyoiwasilisha mjini Basel, Uswisi. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu. Kwa Hofer hali hiyo ilikuwa maradhi halisi ya watu walio mbali na kwao, na tiba yake ya uhakika ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Tunaona basi kwamba tabibu huyo na wahenga wetu wanabishana juu ya neno moja tu, nalo ni ndwele. Yeye asema kwamba kuyatamani yaliyopita ni ugonjwa. Wahenga wasema kwamba yaliyopita si ugonjwa, na kwa hiyo mganga aelekeze dawa zake kwingine.

Tangu wakati wa Hofer maana ya neno hilo imebadilika. Zamani mgonjwa alitamani mahali, na mahali hufikika kwa miguu au kwa chombo. Siku hizi tunatamani wakati, na hakuna gari liendalo mwaka 1994. Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mustakabali wa hisia hii, alitofautisha hamu ya aina mbili: ile inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na ile inayoridhika kukaa katika magofu na kutafakari. Tofauti hiyo ina manufaa makubwa kwa mhakiki. Lakini aina zote mbili zaweza kuachwa bila ya kuulizwa swali moja la kimaadili: nyumba hiyo ilipokuwa imesimama, ni nani aliyelala ndani na ni nani aliyelala nje?

Granji: Fani na Maudhui

Granji ilizuka katikati ya miaka ya themanini mjini Seattle, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Makundi yaliyoipa sifa ni Nirvana, Pearl Jam, Soundgarden na Alice in Chains. Albamu ya Nirvana iitwayo Nevermind ilitolewa Septemba 1991, na ilipofika Januari 1992 ilikuwa imeiondoa Dangerous ya Michael Jackson katika nafasi ya kwanza ya orodha ya albamu zinazouzwa sana nchini humo. Katika muda wa miezi michache, muziki wa vijana wachache wa mji wa mvua na magogo ulikuwa umekuwa sauti ya rika zima.

Tukiitazama fani yake, twaona kwamba kila kipengele kinakataa ulaini. Sauti ya gitaa hukwaruzwa kwa makusudi. Ubeti huimbwa kwa sauti ya chini, karibu na mnong'ono, kisha kiitikio hulipuka kwa kishindo. Sauti ya mwimbaji hukwama kooni, na maneno mara nyingi hayasikiki vyema hata kwa mzawa wa lugha hiyo. Kimaudhui, nyimbo hizo zinahusu upweke, familia zilizovunjika, dawa za kulevya, chuki ya mtu dhidi ya nafsi yake mwenyewe, na kinyaa dhidi ya biashara inayogeuza kila kitu kuwa bidhaa. Mavazi nayo yalikuwa sehemu ya ujumbe: mashati ya drafti ya wakata magogo, sweta zilizofumuka na suruali zilizochanika magotini.

Kinaya ni kwamba bidhaa haikuchelewa. Novemba 1992, mbunifu Marc Jacobs aliyapandisha mavazi hayo kwenye jukwaa la maonyesho ya mitindo mjini New York kwa niaba ya kampuni ya Perry Ellis. Kile kilichokuwa alama ya kuukataa utajiri kikawa pambo la matajiri. Hata hivyo isidhaniwe kwamba uchungu uliokuwamo katika nyimbo hizo ulikuwa wa kuigiza. Kurt Cobain wa Nirvana alijiua tarehe 5 Aprili 1994 akiwa na umri wa miaka 27. Layne Staley wa Alice in Chains alifariki mwaka 2002, na Chris Cornell wa Soundgarden mwaka 2017. Mtu anayewacheka vijana wa Seattle kwa kulia ilhali walikuwa na chakula mezani hajaelewa kilio chao.

Mashati ya drafti yalifika pia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini milango ya Kenya ilifunguliwa kwa biashara ya mitumba, na marobota yakamiminika katika soko la Gikomba jijini Nairobi, na kutoka huko yakasambaa hadi miji ya mbali, Lodwar ikiwemo. Hapa ndipo tunapoona tofauti baina ya alama na hitaji. Kijana wa Seattle alilivaa shati lililochakaa ili aseme jambo kuhusu ulimwengu. Kijana wa Lodwar alilivaa shati hilo hilo, pengine baada ya mwenzake kulitupa, kwa sababu alihitaji shati. Mhakiki wa ishara atasema kwamba kiashiria ni kimoja na viashiriwa ni viwili. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamwacha nje yule aliyelivaa.

Njiani Kuelekea Nariokotome

Miaka michache iliyopita nilisafiri kutoka Lodwar kwenda Nariokotome katika shughuli za utafiti wa fasihi simulizi. Dereva wetu alikuwa Mturkana wa rika langu, mtu wa maneno machache. Tulipoacha mji nyuma yetu na kubakiwa na mawe, migunga na upepo, aliwasha redio ya gari, na badala ya nyimbo za injili nilizozitarajia, nikasikia gitaa la Nirvana.

Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ughaibuni. Nikamwuliza aliutoa wapi muziki huo. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi ya upakiaji mizigo Lokichoggio, mji ambao tangu mwaka 1989 ulikuwa kituo cha operesheni kubwa ya Umoja wa Mataifa ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan kwa ndege. Rubani mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake alimwachia redio kaseti na kanda tatu. Alizisikiliza kanda hizo kwa miaka, akizungusha utepe kwa kalamu ulipokwama, na kuzianika betri juani zilipodhoofika. Nikamwuliza iwapo anayaelewa maneno.

“Mwalimu,” alinijibu, “hata wazungu wenyewe niliwauliza wakasema hawayasikii vizuri. Mimi naelewa ile kelele.”

Nikasema, kwa uzembe wa msafiri aliyefurahi, kwamba hiyo kwa kweli ilikuwa miaka mizuri. Alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema:

“Mizuri kwa nani, mwalimu? Mwaka ambao nilianza kusikiliza hizi kanda ndio mbuzi wetu walikwisha wote. Mchana tulikuwa tunapakia mahindi ya watu wengine kwenye ndege. Nyumbani hakuna kitu.”

Alipokwisha kusema hayo aliongeza sauti ya redio, na tukaendelea na safari.

Vitendo hivyo viwili, la jibu lake na la mkono wake, vilinitia katika tafakuri ambayo makala haya ni matokeo yake. Kama angekuwa ameizima redio, ningeelewa. Angekuwa amenifundisha kwamba hamu yangu ni anasa, nami ningeona haya na kunyamaza. Lakini aliongeza sauti. Alikataa hukumu yangu kuhusu zama hizo bila ya kuukataa muziki wake.

Mvulana Asiyeimba

Nariokotome ni mto wa msimu, laga ya mchanga inayoshuka hadi Ziwa Turkana upande wa magharibi. Kando ya laga hiyo, Agosti 1984, Kamoya Kimeu, bingwa wa Kenya wa kutafuta visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu miongoni mwa vijiwe. Uchimbaji uliofuata, ulioongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, ulifukua kiunzi cha mifupa kilicho karibu kamili cha mvulana wa jamii ya Homo erectus aliyekufa takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ulimwengu unamjua kama Mvulana wa Turkana au Mvulana wa Nariokotome.

Mambo mawili kuhusu mvulana huyo yanaligusa swali letu. La kwanza ni umri wake. Mwili wake ulikuwa mrefu, karibu sentimita 160, kama wa kijana wa leo anayekaribia kubaleghe au zaidi. Lakini uchunguzi wa meno yake ulionyesha kwamba huenda alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Wataalamu wengi walihitimisha kwamba wenziwe hawakuwa na kipindi kirefu cha ujana kama tulicho nacho sisi. Walikua upesi. Binadamu wa leo amepewa miaka mingi ya kutokuwa mtoto na kutokuwa mtu mzima, na wanasaikolojia wameonyesha mara nyingi kwamba kumbukumbu za kipindi hicho cha ujana na mwanzo wa utu uzima ndizo zinazobaki kwa wingi na kwa uhai katika akili za wazee. Nyimbo tulizozisikia tukiwa na miaka kumi na mitano hutuganda kwa sababu tulizisikia tulipokuwa tunafinyangwa. Kwa hiyo hamu ya zama ni gharama, au tuseme ni ushuru, wa kuwa na ujana mrefu.

La pili ni sauti yake. Mwaka 1993, katika kitabu cha kitaalamu kuhusu kiunzi hicho, ilitolewa hoja kwamba tundu la uti wa mgongo wake lilikuwa jembamba mno katika sehemu ya kifua kuweza kupitisha neva za kutosha kudhibiti pumzi kama anavyodhibiti msemaji. Walker alifikia uamuzi kwamba mvulana huyo hakuweza kusema. Watafiti wengine walipinga baadaye, wakidai kwamba huenda mifupa hiyo ilikuwa na kasoro ya kimaumbile, na mjadala haujafungwa. Kwa mhakiki wa fasihi, kinachovutia hapa ni namna ambavyo mfu asiyeweza kujieleza hujazwa maneno na walio hai. Mmoja humwona bubu, mwingine humwona msemaji, na mvulana mwenyewe habishani na yeyote.

Nilipokuwa nimesimama kando ya laga hiyo, mikoma ikipepea, niliona kwamba sisi tunaoitamani miaka ya tisini tunaitendea zama hiyo vivyo hivyo. Wakati uliopita hauna pumzi ya kujitetea. Hauwezi kutuambia kwamba tunausingizia.

Miaka ya Tisini Ilikuwa ya Nani?

Hebu basi tuwasikilize wale wanaoweza kusema. Mwaka 1992, wakati Nevermind ikitamba, maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka kwao hadi Ethiopia, na kutoka Ethiopia kurejea Sudan, walivuka mpaka wakaingia Turkana, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikaanzishwa kando ya laga ya Tarach. Waandishi wengi wa kigeni wamerudia kuandika kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba lugha yetu haina neno hilo kwa maana hiyo. Lakini kosa hili lafundisha. Kabla ya wakimbizi hapakuwa patupu: palikuwa na mji mdogo, na palikuwa na Waturkana na mifugo yao. Kupaita mahali pasipo popote ni kuwafuta wenyeji ili hadithi ya mgeni ipate uwanja. Hamu ya zama isiyo na hadhari hufanya jambo hilo hilo kwa wakati. Huzifuta nyakati za wengine ili nyakati zetu zipate uwanja.

Sina budi hapa kujitolea ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya bweni, mwenye umri wa miaka kumi na mitano. Nakumbuka dawati nililokalia nilipooneshwa na mwenzangu ukurasa wa gazeti la kigeni uliotangaza kifo cha Cobain. Nakumbuka rangi ya picha. Cobain alikufa tarehe 5 Aprili, na mwili wake ukapatikana tarehe 8. Baina ya tarehe hizo mbili, usiku wa tarehe 6, ndege ya Rais wa Rwanda ilitunguliwa mjini Kigali, na kuanzia tarehe 7 yakaanza mauaji ya kimbari yaliyoangamiza mamia ya maelfu ya watu katika muda wa siku mia moja hivi. Kigali iko karibu nasi mno kuliko Seattle. Redio ilikuwa ikitangaza. Hata hivyo, nikijaribu kukumbuka ni wapi nilipokuwa niliposikia habari za Rwanda, sipati dawati, sipati rangi, sipati uso wa mtu aliyenieleza.

Sikuwa mtoto mwovu. Kumbukumbu haichagui kwa mizani ya haki. Huchagua kwa mizani ya nafsi, na nafsi ya kijana wa miaka kumi na mitano iko katika dawati lake. Lakini kile kisichokuwa kosa kwa mtoto chaweza kuwa kosa kwa mtu mzima, iwapo mtu mzima huyo atakichukua kile alichokikumbuka na kukitangaza kuwa ndicho kilichokuwapo. Niliposema njiani kwamba ilikuwa miaka mizuri, nilikuwa nimefanya kosa hilo.

Pingamizi Mbili

Yaweza kuletwa pingamizi ya kwanza kwamba kusikiliza wimbo ni jambo la faragha lisilomdhuru mtu. Pingamizi hii ina ukweli, ila haitoshi. Hamu ya zama ni nadra kubaki faragha. Huwa usemi, na usemi huwa historia. Wazazi huwaambia watoto kwamba zamani mambo yalikuwa mema; watoto huamini; na yule ambaye zamani zake zilikuwa za njaa huonekana mkorofi anapoyataja yake mezani.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Hakuna zama isiyokuwa na maafa ya mtu fulani. Miaka ya sitini, inayotamaniwa na wapenzi wa nyimbo zilizopendwa, ilikuwa na vita vyake na njaa zake. Tukisema kwamba mtu hana ruhusa ya kuzitamani zama zilizomtesa mwingine, tutakuwa tumempiga marufuku kila binadamu kuukumbuka ujana wake kwa furaha. Hiyo ni sheria isiyoweza kutiiwa, na sheria ya aina hiyo haifai kuitwa maadili.

Jibu la pingamizi hii nililipata kwa dereva yule yule. Tuliporejea Lodwar jioni nilimwuliza, safari hii kwa adabu zaidi, ni kwa nini bado anazisikiliza nyimbo hizo ikiwa zinamkumbusha mwaka wa njaa. Aliniambia kwamba walikuwa vijana wanne waliolala pamoja ghalani, wawili Waturkana na wawili Wasudani, na redio kaseti ilikuwa moja. Mmoja alikwenda Marekani mwaka 2001, miongoni mwa wale zaidi ya 3,000 waliochukuliwa kutoka Kakuma. Mmoja alirudi kwao na hajasikika tena. Mturkana mwenzake alifariki.

“Mimi sitaki huo mwaka urudi, mwalimu,” alisema. “Nawataka hao.”

Maneno haya yanatenganisha mambo mawili ambayo lugha ya hamu huyafunga pamoja. Kuna kuwatamani watu tuliokuwa nao katika zama fulani, na kuna kuzisifu zama hizo. La kwanza ni uaminifu. La pili ni hukumu, na kila hukumu yahitaji ushahidi wa pande zote. Huyu bwana anawatamani wenziwe bila ya kuusifu mwaka. Mimi nilikuwa nimeusifu mwaka bila hata ya kujua ni nani niliyekuwa namtamani. Nilipojichunguza baadaye niliona kwamba nilikuwa namtamani mvulana wa dawatini, yaani mimi mwenyewe, na upweke wa hamu ya namna hiyo ulinitia huzuni.

Funzo Kutoka katika Fasihi Yetu

Fasihi ya Kiswahili ililijua tatizo hili kabla ya gitaa la umeme. Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, mshairi anausemeza moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Anauonyesha fahari ya majumba yalivyokuwa, taa zake, samani zake na watumishi wake, kisha anauonyesha wadudu na ndege waliorithi kumbi hizo. Wahakiki wengi wamelisoma jambo hili kama onyo la kidini dhidi ya dunia, na hawakukosea. Tunachotaka kukiongeza ni kwamba uzuri wa Pate katika utenzi huo ni uzuri wa kweli. Mshairi haupunguzi ili kuirahisisha hukumu yake, wala haipunguzi hukumu yake ili kuulinda uzuri. Anavibeba vyote viwili, na anajihukumu yeye mwenyewe kwanza, kwa kuwa anayesemezwa ni moyo wake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Euphrase Kezilahabi. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, mwaka ule ule wa Nevermind. Hatudai kwamba pana athari yoyote baina ya kazi hizi. Tunasema tu kwamba mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika pembe mbili za dunia zisizojuana, wasanii walihisi kwamba fani iliyozoeleka haiwezi tena kuubeba ukweli, wakaivunja. Wasomaji wengi waliona riwaya hizo ni ngumu na zenye kukatisha tamaa. Leo sisi tuliozisoma tukiwa wanafunzi tunazitaja kwa mapenzi, kana kwamba zilikuwa blanketi la ujana wetu. Zilikuwa mwiba. Kadhalika granji ilikuwa mwiba. Kazi iliyoandikwa ili kuulaumu wakati wake inadhulumiwa inapogeuzwa ushahidi kwamba wakati huo ulikuwa mzuri. Kwa hiyo hamu isiyo na hadhari huwadhulumu wawili: jirani ambaye maumivu yake yamefutwa, na msanii ambaye malalamiko yake yamegeuzwa bembea.

Hitimisho

Tumeuliza iwapo mtu ana haki ya kuzitamani zama zilizokuwa maafa kwa jirani yake. Jibu letu ni kwamba haki hiyo anayo, ila ina masharti. Sharti la kwanza ni kujua anachokitamani, iwapo ni wimbo, ni watu, au ni nafsi yake ya zamani, asije akavichanganya hivyo na ubora wa zama zenyewe. La pili ni kuusikia wimbo kama ulivyo, pamoja na kilio kilichomo. La tatu, na ndilo gumu, ni kuiacha hamu yake ikae katika gari moja na kumbukumbu ya mwenziwe, bila ya mojawapo kuitaka nyingine inyamaze. Dereva wa Nariokotome aliyatimiza masharti haya yote bila ya kuandika makala.

Tukirudi kwenye methali zetu, twaona kwamba huenda hazikugombana. Ya kale ni dhahabu, na dhahabu hupimwa kabla ya kuuzwa. Yaliyopita si ndwele kwa aliyepona, ila mganga mwema huuliza kwanza ni nani ambaye bado anaumwa.

Pana kazi inayotusubiri sisi tulio katika idara za Kiswahili. Waliokuwa vijana Lodwar, Kakuma na Lokichoggio katika miaka ya tisini sasa wana mvi. Kwa muda mrefu tumekwenda Turkana kutafuta ngano na nyimbo za jadi, na tumewapita njiani watu wenye kumbukumbu za kanda, za ndege za mahindi na za kambi. Yafaa tuwatume wanafunzi wetu wakaziandike kumbukumbu hizo, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, kabla hazijakosa pumzi ya kujitetea.

Nami bado nazisikiliza nyimbo zile. Siku hizi nikizisikiliza namkumbuka pia yule bwana, na wale watatu wa ghalani ambao sikuwajua.